Tamthilia Nilizozisikia

Ukiniuliza tamthilia ipi uitazame mwanzo mwisho,
nitakutajia tatu. Zote sijaziona.
Nimezisikia tu,
kitanda changu kikiegemea ukuta wa Nyanchera,
orofa ya nne, Pipeline,
ambako taa huwashwa mchana
na jirani akikohoa, wewe ndiwe unayetafuta dawa.

Anza na Mawe Saba.
Ndugu wawili, mpaka mmoja wa shamba.
Vipindi vya mwanzo vinajikokota kama foleni ya maji;
vumilia hadi cha tisa,
mdogo anoapo panga nyuma ya jiko.
Hapo hawakutia muziki. Ni chuma na jiwe,
shwaa, shwaa,
nami nikavuta blanketi, nikasahau
kwamba saa kumi natakiwa Lunga Lunga
kukanda mikate ya watu.

Wodi ya Usiku itazame ukiwa umeshiba.
Mna muuguzi, Sista Domitila,
anatembea kwa kandambili, pa, pa, pa,
na akisimama ujue mtu amekata roho.
Wenzangu kiwandani hushikilia kuwa stelingi ni daktari.
Wapi! Stelingi ni zile kandambili.
Msimu wa pili uruke.
La, usiruke, nimejirudi:
harusi yao inachosha, lakini usipoisikia
hutajua kwa nini kandambili zinanyamaza.

Sasa Deni la Marehemu. Hii nakuapia.
Mjane anaachiwa daftari,
majina ya watu, pesa mbele ya kila jina,
asijue ni anaowadai au ni wanaomdai.
Vipindi hamsini na viwili vya kubisha hodi!
Mimi nilijifunza milango humo:
wa mbao, wa bati,
wa tajiri, ambao husikii ukifunguka.
Nyanchera akimfokea, "Usiingie humo, mama!"
nami upande wangu nikinong'ona: ingia.

Kipindi cha mwisho, jina la mwisho,
hodi ya kwanza,
hodi ya pili,
kimya.
Nikadhani ni ufundi wa mtunzi.
Kumbe tokeni zimeisha.
Nilimsikia akicheka, kicheko cha tarehe ishirini na nane,
kisha kiberiti.

Jamani, ng'ombe mzima tumemla, tushindwe na mkia?
Nilikuwa na shilingi mia, nauli ya kesho.
Namba ya mita yake imeandikwa kwa chokaa juu ya mlango,
naijua kama simu ya mama.
Nikanunua stima, nikanakili zile tarakimu ishirini
kwenye karatasi ya mfuko wa unga,
nikaisukuma chini ya mlango, nikageuka niende zangu.
Ndani: ti, ti, ti.
Mwanga ukanipata miguuni.
"Wewe wa ukutani, ingia basi.
Kipindi cha thelathini si ulilia? Nilikusikia."

Nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.
Na hapo ndipo nilipomwona mjane:
kabinti, nyusi za kuchora,
meno kama ya kwenye tangazo la dawa ya mswaki.
Si yeye!
Wangu mimi ana goti bovu,
nimempandisha ngazi nusu mwaka mzima.
Nikafumba macho.

Hodi ya tatu. Mlango ukafunguka,
nami nikaijua bawaba ile kabla ya mtu kusema neno.
Nani alifungua, sikuambii.
Tafuta runinga. Ukikosa, tafuta ukuta.

Nyanchera akanigusa bega. "Umelala?"
"Natazama," nikamjibu.

Saa tisa usiku nilishika njia kwa miguu,
na kila geti nililolipita hadi Lunga Lunga
nilitega sikio kidogo.